Gari la Petroli Linapogoma Kuwaka Wakati wa Mvua



Somo letu la leo linahusu gari la zamani la petroli linalogoma kuwaka wakati wa mvua. Huenda utasema, "Mimi ni mkulima. Gari lenyewe sina. Somo hili la nini?" Swali lako ni zuri. Hebu tufikiri pamoja.

Katika vijiji vingi gari la karibu ni moja tu. Huenda ni Land Rover kuukuu. Gari hilo ndilo hupeleka mahindi sokoni. Ndilo humpeleka mama mjamzito kwenye kituo cha afya uchungu unapomshika usiku. Likikataa kuwaka, hiyo si shida ya dereva peke yake. Ni shida yetu sote. Na ugonjwa hauchagui siku ya jua.

Tuchukue mfano. Ni alfajiri, mwezi wa Aprili, mvua imenyesha usiku kucha. Mama yuko tayari, amefunikwa khanga, mkunga yuko pembeni yake. Dereva anawasha gari. Injini inazunguka vizuri, lakini haishiki. Anajaribu tena na tena. Baada ya dakika kumi betri imechoka. Vijana wanasukuma, wanateleza kwenye matope. Mmoja anasema, "Kabureta hiyo, ifungue." Mwingine anasema, "Petroli imeingia maji." Kila mtu amekuwa fundi. Na mama bado anangoja.

Kumbe gari halikuharibika. Lilikuwa limelowa tu. Kitambaa kikavu na dakika kumi na tano vingetosha.

Basi jambo kuu la somo hili ni moja: gari likigoma kwa sababu ya mvua, likaushe kwanza. Usianze kusukuma. Usianze kufungua kabureta. Kausha kwanza.

GARI TUNALOLIZUNGUMZIA

Tunazungumzia gari la petroli la mtindo wa zamani, lenye distributa. Mfano wake ni Land Rover ya aina ya Series III, iliyotengenezwa Uingereza kuanzia mwaka 1971 mpaka 1985. Baadhi bado zinatembea vijijini. Magari mengi ya siku hizi hayana distributa. Cheche zake hupangwa na kompyuta. Magari ya dizeli nayo hayana plagi wala distributa. Kwa hiyo kwanza muulize dereva: gari hili ni la petroli au la dizeli? Kama ni la dizeli, somo hili haliwezi kukusaidia.

KWA NINI MVUA HUZIMA GARI

Injini ya petroli inahitaji vitu vitatu ili iwake: petroli, hewa, na cheche inayotoka kwa wakati wake. Mvua ya usiku mara chache huharibu petroli au hewa. Kinachoharibika ni cheche.

Cheche hutoka wapi? Betri ya gari ina volti 12 tu. Umeme huo ni mdogo, hauwezi kuruka kwenye plagi. Kwa hiyo hupita kwanza kwenye koili. Koili huukuza mpaka ukawa zaidi ya volti 10,000, na huweza kufika 20,000. Umeme wa nyumbani ni volti 230. Linganisha mwenyewe.

Kutoka kwenye koili, umeme huo mkali hupita kwenye waya nene na kuingia kwenye distributa. Ndani ya distributa kuna rota inayozunguka. Rota ndiyo inayougawa umeme: plagi hii, kisha ile, kisha nyingine. Kila plagi hupata zamu yake.

Sasa fikiria maji ya mfereji wa shambani. Ukingo ukiwa mzima, maji hufika kwenye bustani yako. Ukingo ukiwa na ufa, maji hupotelea njiani, na bustani hukauka. Umeme wa plagi ni hivyo hivyo. Mpira wa waya na kifuniko cha distributa ndio ukingo wake. Vikiwa na ufa, na ufa huo ukiwa na unyevu, umeme hutorokea kwenye chuma cha injini. Plagi haipati kitu.

Zingatia jambo hili: maji safi kabisa hayapitishi umeme vizuri. Maji yaliyochanganyika na vumbi, jasho la mkono na masizi ndiyo hupitisha umeme. Ndiyo maana gari chafu hugoma upesi kuliko gari safi, ingawa yote mawili yamelala kwenye mvua moja.

Tena, si lazima maji yamwagike ndani ya boneti. Umewahi kufunua sufuria ya ugali uliopoa ukakuta matone chini ya mfuniko? Distributa nayo huweza kufanya hivyo. Injini hulala ikiwa na joto, usiku baridi huingia, na asubuhi kuna matone ndani ya kifuniko.

SIKILIZA KABLA YA KUGUSA

Geuza ufunguo mara moja, usikilize. Gari litakuambia lenyewe shida iko wapi.

1. Ukisikia kimya, au "tak, tak" basi, tazama betri. Vichwa vyake vina unga mweupe? Waya zimelegea? Safisha, kaza, ujaribu tena.

2. Injini ikizunguka polepole kama mtu aliyechoka, betri imepungua nguvu.

3. Injini ikizunguka kwa nguvu lakini haishiki, na jana ilikuwa nzima, na usiku mvua imenyesha, basi shuku unyevu. Hapo ndipo somo letu linapoanza.

Ukishajua ni namba 3, acha kuzungusha. Kila ukiwasha bure, unakula betri. Tena stata inapozunguka huvuta umeme mwingi sana, na cheche huzidi kuwa dhaifu. Ukiwasha, usizidishe sekunde 10, kisha pumzisha kidogo.

HATUA ZA KUKAUSHA GARI

Hatua ya 1. Zima, toa ufunguo. Vuta breki ya mkono, weka gia huru, weka mawe kwenye magurudumu. Pasiwe na sigara wala kibatari karibu. Tumia tochi.

Hatua ya 2. Kama bado ni giza, fanya jaribio hili moja. Fungua boneti. Mtu mmoja awashe kwa sekunde chache, mwingine asimame mbali kidogo na kutazama bila tochi. Asiguse kitu. Akiona vicheche vya buluu vinatambaa kwenye waya au juu ya kifuniko cha distributa, umeme unatorokea hapo hapo. Mmeshapata mwizi wenu. Zima tena, toa ufunguo.

Hatua ya 3. Chukua kitambaa kikavu cha pamba. Futa sehemu ya juu ya koili. Futa waya nene zote, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Futa kofia za mpira na sehemu nyeupe za plagi. Futa kifuniko cha distributa kwa nje.

Hatua ya 4. Fungua kifuniko cha distributa. Kwenye Land Rover hizi hushikwa na vibanio viwili vya chuma. Visukume kwa bisibisi, vitaachia. Hakuna haja ya kung'oa waya. Inua kifuniko pamoja na waya zake. Futa ndani yake mpaka pawe pakavu kabisa. Toa rota kwa kuivuta juu, ifute, irudishe kama ilivyokuwa. Katikati ya kifuniko kuna kikaa kidogo chenye springi. Hakikisha kipo na kinabonyea.

Hatua ya 5. Kagua kifuniko kwa makini kwenye mwanga. Je, kina ufa? Je, kuna mstari mwembamba mweusi kama umechorwa kwa penseli? Mstari huo si uchafu wa kawaida. Ni njia ambayo umeme umejichomea. Ukiuona, kukausha kunaweza kukufikisha safari moja, lakini kesho gari litagoma tena. Kifuniko hicho kinunuliwe kipya.

Hatua ya 6. Ndani ya distributa kuna pointi, yaani vijichuma viwili vinavyokutana na kuachana. Pitisha karatasi kavu na safi katikati yake, uivute polepole. Karatasi itatoka na unyevu na uchafu.

Hatua ya 7. Kama gari limezungushwa sana na sasa linanuka petroli, toa plagi. Zikiwa zimelowa petroli, zifute na uziache zikauke kwenye upepo. Fanya plagi moja moja: toa, futa, rudisha, kisha nenda ya pili.

HAPA KALAMU INAFAA KULIKO SPANA

Watu wengi hung'oa waya zote nne za plagi kwa pamoja. Zikikauka, hakuna anayekumbuka ipi ilikuwa wapi. Hapo gari lililokuwa limelowa tu huwa limeharibika kweli. Ukiwasha, litapiga chafya na kulia "pu!" kwenye kabureta, lakini halitawaka.

Silinda huhesabiwa kuanzia mbele, upande wa rejeta: 1, 2, 3, 4. Lakini cheche hazifuati hesabu hiyo. Kwenye injini hii ya Land Rover zinafuata mpangilio huu: 1, 3, 4, 2. Andika namba hizo kwenye kipande cha karatasi, ukibandike ndani ya mlango wa dereva. Kisha andika namba kwenye vipande vya plasta na uvifunge kwenye waya. Ukiwa unajua kusoma namba nne, umemwokolea mwenye gari fedha ya fundi.

KUWASHA TENA

Rudisha kila kitu, bana vibanio. Sasa washa. Kama asubuhi ni ya baridi na hakuna harufu ya petroli, vuta choki. Kama kuna harufu ya petroli, usivute choki. Kanyaga mafuta mpaka chini, ushikilie hapo, kisha washa. Hewa nyingi itaingia na kukausha petroli iliyozidi.

Kama betri imechoka na gari lina hendeli ya kuzungusha kwa mkono, itumie kwa uangalifu. Hakikisha gia ni huru. Weka kidole gumba upande mmoja na vidole vingine; usikizungushe kushika hendeli kama unavyoshika jembe. Vuta hendeli kwenda juu, usiisukume kwenda chini. Injini inaweza kurudisha hendeli ghafla na kuvunja mkono.

Na kusukuma je? Kusukuma husaidia gari lenye betri dhaifu. Gari lisilo na cheche halitawaka hata likisukumwa na kijiji kizima. Kwa hiyo kausha kwanza, ndipo msukume, na msisukume kwenye mteremko wenye matope.

MAMBO YA HATARI

Usiguse waya za plagi wakati injini inazunguka. Umeme ule utakurusha, nawe unaweza kuangukia feni. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa moyo, hatari ni kubwa zaidi.

Usisafishe distributa kwa petroli. Mvuke wake hubaki ndani, na pointi zikitoa cheche, moto hulipuka.

Usikaushe kitu chochote kwa kijinga cha moto karibu na gari. Kama kifuniko kimelowa sana, weka namba kwenye waya, kitoe, ukipeleke jikoni mbali na gari. Kiweke mahali ambapo mkono wako unaweza kukaa bila kuungua. Joto kali hukipasua.

SI GARI LA KIJIJINI TU

Wako watakaosema, "Haya ni matatizo ya magari yetu mabovu." Sivyo. Mwaka 1959 huko Uingereza lilitoka gari dogo jipya lililoitwa Mini. Mbunifu wake alikuwa Alec Issigonis. Lilikuwa gari zuri, na lilipendwa sana. Lakini distributa yake ilikaa mbele, nyuma ya wavu ambao hewa hupitia. Mvua ilipopiga kwa mbele, maji yaliingia moja kwa moja, na gari likazima barabarani. Na Uingereza ni nchi ya mvua!

Wenye magari hayo walifanya nini? Wengine walichukua glavu ya mpira ya kuoshea vyombo. Walikata ncha za vidole, wakapitisha waya ndani yake, wakaivalisha distributa. Vidole ni vitano. Waya za distributa ni tano pia: nne za plagi na moja ya koili. Ilitosha kabisa.

Sisi hapa tuna mpira wa tyubu kuukuu. Kata kipande, toboa matundu matano, pitisha waya, ufunike juu ya distributa. Usikifunge chini, kwa sababu unyevu wa ndani unahitaji njia ya kutoka. Hakikisha mpira haugusi bomba la moshi wala feni.

KUJIANDAA KABLA YA MASIKA

Kukausha ni dawa ya siku moja. Gari linalogoma kila mvua inaponyesha lina ugonjwa wa kudumu. Mara nyingi mpira wa waya umepasuka kwa uzee na joto. Kwenye jua ufa huo hauna madhara makubwa. Kwenye mvua unaonekana. Kwa hiyo mwezi wa Februari, kabla ya masika, fanyeni haya:

1. Pindeni kila waya ya plagi kwa vidole, injini ikiwa imezimwa. Mkiona mipasuko midogo, nunueni waya mpya.

2. Badilisheni kifuniko cha distributa chenye ufa au mstari mweusi. Tazameni na rota.

3. Safisheni plagi na kupima nafasi yake. Kwa Land Rover hii ni kati ya milimita 0.75 na 0.80. Nafasi ya pointi ni kati ya milimita 0.35 na 0.40. Fundi ana kipimo chake. Mwambie apime mbele yako.

4. Futeni vumbi na grisi juu ya koili na waya.

5. Gari lilale chini ya paa. Kama hakuna paa, lisielekeze pua kule mvua inakotokea. Unaweza kufunika injini iliyopoa kwa gunia, lakini andika kwenye usukani: "TOA GUNIA." Gunia likisahaulika juu ya bomba la moto, gari litaungua.

6. Kabla ya kuvuka maji ya kina kifupi yaliyotulia, funga gunia mbele ya rejeta ili maji yasipige injini, na uende polepole. Ukishavuka, litoe mara moja, injini isije ikachemka. Lakini maji yanayokwenda kasi na kufika magotini, usivuke. Yanaweza kulisomba gari pamoja na watu. Hapo hakuna ufundi, ni kusubiri tu.

MWENYE GARI NA KIJIJI

Tumalizie na jambo la fedha. Wengi huahirisha kununua waya mpya kwa kusema, "Gari linawaka, la nini?" Kweli, linawaka wakati wa kiangazi. Siku utakapolihitaji sana ni ile ya mvua, wakati barabara ni mbovu na gari jingine haliwezi kufika. Kama gari ni la mtu binafsi lakini kijiji kizima hulikodi kwa wagonjwa, si vibaya kijiji kikae na mwenye gari kabla ya masika na kumuuliza, "Bwana, waya zako zikoje?" Afadhali swali hilo liulizwe mchana wa Februari kuliko usiku wa Aprili.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Injini ya petroli inahitaji vitu gani vitatu ili iwake? Mvua huharibu kipi zaidi?

2. Dereva anawasha, injini inazunguka kwa nguvu lakini haishiki. Usiku mvua ilinyesha. Afanye nini kwanza? Asifanye nini?

3. Kwa nini gari chafu hugoma upesi kuliko gari safi?

4. Mstari mwembamba mweusi ndani ya kifuniko cha distributa una maana gani?

5. Cheche za injini ya Land Rover tuliyoisoma hufuata mpangilio gani?

6. Kidole gumba kikae wapi unaposhika hendeli?

KAZI YA KIKUNDI

Nendeni kwa mwenye gari la kijijini kwenu, mkamwombe afungue boneti mchana, injini ikiwa imezimwa na imepoa. Tafuteni betri, koili, distributa, waya nene na plagi. Dereva awaonyeshe, nanyi mmsomee hatua 7 za somo hili, moja baada ya nyingine. Kisha mmoja wenu aziandike kwa herufi kubwa kwenye karatasi ngumu. Karatasi hiyo iwekwe ndani ya gari pamoja na kitambaa kimoja kikavu cha pamba, kwenye mfuko wa nailoni. Kitambaa hicho kisifanye kazi nyingine yoyote.